SHINGO YA CHUPA: NAMNA YA KUJUA MAHALI KAZI INAKWAMA



Katika namba hii tunataka kueleza jambo moja ambalo wanafunzi wa Komersiali wanalisoma kwa Kifaransa katika kitabu, lakini kila mtu analiona kwa macho yake kila siku. Jambo lenyewe ni hili: kwa sababu gani kazi inayopita katika mikono mingi inakawia, hata kama kila mmoja anasema kama amefanya sehemu yake?

Kamata chupa iliyojaa maji, uigeuze kichwa chini. Tumbo lake ni pana, lakini maji yanatoka kidogo kidogo. Sasa leta chupa ingine yenye tumbo mara mbili, lakini shingo ni ile ile. Je, maji yatatoka mbio zaidi? Hapana. Yatatoka kwa mwendo ule ule, kwa sababu si tumbo linaloamua, ni shingo. Kazi ya watu iko vile vile. Kila kazi yenye hatua nyingi iko na shingo yake, na asiyejua shingo iko wapi atapoteza feza zake kwa kupanua tumbo.

1. MANENO MATATU YA KUJUA

Neno la kwanza ni HATUA. Ni kila mahali kazi inapita: mmoja analeta, mwingine anapima, mwingine anasaga, mwingine anafunga.

Neno la pili ni KAPASITE. Ni kiasi ambacho hatua moja inaweza kufanya katika saa moja au siku moja, kama haikosi kitu cha kufanyia kazi. Angalisho: kapasite si kile inachofanya leo, ni kile inachoweza kufanya.

Neno la tatu ni UTUMIZI. Chukua kile hatua inachofanya kweli, gawanya kwa kile inachoweza, zidisha kwa 100. Mashini inayoweza kusaga magunia 10 kwa siku, lakini inasaga 6 tu, utumizi wake ni 60 kwa mia.

Shingo ya chupa ni ile hatua yenye kapasite ndogo kuliko zote. Na kanuni ni moja tu: kazi nzima haiwezi kupita kapasite ya shingo yake.

2. MFANO WA KAHAWA

Wengi wetu wazazi wao wanalima kahawa, basi tuchukue stasio ya kuoshea kahawa kama zile za Kivu. Kahawa nyekundu inapotoka mutini sherti imenywe siku ile ile. Ikilala na ganda lake, inaanza kuchacha, na bei yake inaanguka. Hatua ni hizi: wakulima wanaleta, mashini inamenya ganda, kahawa inavundikwa katika birika, inaoshwa katika mifereji, halafu inaanikwa juu ya meza za miti na wavu mpaka ikauke.

Tuseme hesabu ya stasio yetu ni hii, kwa kilo za kahawa nyekundu kila siku:

- Wakulima wanaleta: kilo 5000
- Mashini ya kumenya: kilo 800 kwa saa, saa 8, ni 6400
- Mabirika ya kuvundika: 8000
- Mifereji ya kuosha: 5000
- Meza za kuanika: ?

Hapa wengi wanakosea. Meza haina mota, haina saa ya kuanza wala ya kumaliza, basi watu wanasahau kama nayo ni hatua yenye kapasite. Tuhesabu. Tuko na meza 40. Kila meza inabeba kahawa iliyotoka katika kilo 1000 za nyekundu. Zote pamoja zinabeba 40000. Lakini kahawa inakaa juu ya meza siku 10 mbele ya kukauka. Gawanya 40000 kwa 10: kapasite ya meza ni kilo 4000 kwa siku. Shingo ni hapo!

Sasa tazama utumizi wa kila hatua, kama kilo 4000 tu ndizo zinazopita: mashini 62,5 kwa mia, mabirika 50 kwa mia, mifereji 80 kwa mia, meza 100 kwa mia.

Na tazama tena namna ugonjwa huu unavyojificha. Mavuno yakianza, meza zote ni tupu. Siku 8 za kwanza kila mtu anafurahi: kilo 5000 zinaingia kila siku, na 8 mara 5000 ni 40000. Siku ya 9 hakuna meza hata moja, na kahawa ya siku ya kwanza haijakauka bado. Jioni ile mama mmoja anashuka mlimani na kikapu mgongoni, anaambiwa: “Mama, rudi nayo, leo tumejaa.” Kikapu kile kitalala na ganda. Kazi ya mwaka mzima inaharibika usiku mmoja, na yeye hakukosa kitu.

Watu watasema nini? Wa kwanza atasema: “Wale wa meza ni wavivu!” Lakini meza ndizo zinazotumika 100 kwa mia, na wale wanaogeuza kahawa juani ndio wasiopumzika. Mwenye nafasi ya kupumzika ni mtu wa mashini. Kwa kawaida ni hivyo: lawama inamwangukia yule anayefanya kazi shingoni, kwa sababu marundo yako mbele ya mlango wake.

Wa pili atasema: “Tununue mashini ya pili ya kumenya!” Ni feza nyingi, na siku ile ya sikukuu ya kuifungua watu watapiga makofi. Lakini kilo ngapi zitatoka kwa siku? 4000, kama jana. Rundo la kahawa iliyomenywa ndilo litakuwa kubwa zaidi.

Wa tatu atauliza: “Meza 10 zaidi zitaomba nini?” Miti, misumari na wavu. Meza 50 zinabeba 50000. Gawanya kwa 10, ni 5000. Hakuna mama atakayerudishwa.

Tena kuna njia isiyoomba feza hata kidogo. Kahawa mbovu inaelea juu ya maji. Tuseme katika kila kilo 100, kilo 10 ni mbovu. Tukizipandisha mezani, zinakula nafasi ya meza 4 katika meza 40, siku zote 10, na kisha tunazitupa. Tukizitoa katika maji mbele ya kumenya, tumepata meza 4 bila msumari mmoja. Basi shika neno hili: uchunguzi wa ubaya ufanywe MBELE ya shingo, si nyuma yake. Nafasi ya shingo isipewe kitu kitakachotupwa.

Angalisho mbili. Ya kwanza: muda mrefu si shingo. Kukauka kunachukua siku 10, na kama tungekuwa na meza 100 kungechukua siku 10 vile vile, lakini kapasite ingekuwa 10000, na shingo ingekuwa mahali pengine. Ya pili: shingo inaweza kukazwa na hewa. Mvua ikinyesha, na kahawa ikakaa siku 16, meza 40 zinaweza kilo 2500 tu kwa siku. Hakuna mtu aliyebadilika, hakuna aliyelala. Chifu wa stasio asiyehesabu hivi atafukuza watu kwa kosa la mvua.

3. SHINGO INAHAMA

Ukipanua shingo, si mwisho. Tuseme mwaka unaofuata tumeweka meza 60, kapasite 6000, na mlima unaleta kilo 6000. Sasa mifereji ya kuosha, yenye 5000, ndiyo shingo. Jana ilikuwa na nafasi, leo ndiyo inayokaza. Anayeendelea kuongeza meza kwa sababu “mwaka jana zilitusaidia” anapanua tumbo.

Historia ya inchi yetu inaonyesha jambo hili vizuri. Mto Kongo na mikono yake ni njia pana ya mashua, lakini kati ya Kinshasa na Matadi kuna maporomoko, mashua haiwezi kupita. Mbele ya reli, mizigo yote ilipita juu ya vichwa vya wachukuzi: kila mtu karibu kilo 30, mwendo wa karibu majuma matatu. Hata mashua zenyewe zilipita vile. Mashua “Peace” ya Mmisionari George Grenfell wa Misioni ya Kibatisti ilitoka Uingereza katika vipande vipande, ikabebwa na wachukuzi, ikaungwa tena na kushushwa majini kule Pool mwaka 1884. Kuongeza mashua juu ya mto kulikuwa na faida gani, kama njia ya kutoka Matadi ilikuwa mgongo wa mtu? Mto ulikuwa tumbo, wachukuzi ndio waliokuwa shingo, na shingo ile ilikuwa ya watu: wengi walilazimishwa, wengi walikufa njiani.

Reli ilianza kujengwa mwaka 1890 na ikamalizika mwaka 1898. Kuijenga nako kuliua watu wengi sana. Ilipomalizika, safari ya majuma ikawa ya siku mbili. Lakini reli ile ilikuwa nyembamba, upana wa karibu sentimeta 76. Mizigo ilipozidi, reli ikawa shingo mpya, na sherti ijengwe upya kwa upana wa metre 1,067. Kazi ile ilifanyika katika miaka ya 1920 na ikaisha mwanzo wa miaka ya 1930. Leo njia hiyo ni kilometre 366.

Shaba ya Katanga nayo ilijua jambo hili. Tangu 1928 reli ilifika Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya sasa. Njia hiyo ya ndani ya inchi ni hii: gari-moshi mpaka Ilebo, mashua kwa mto Kasai na Kongo mpaka Kinshasa, gari-moshi tena mpaka Matadi, halafu meli. Mzigo unashushwa na kupandishwa mara tatu. Njia fupi zaidi ilikuwa reli ya Benguela kupitia Angola mpaka bahari bila mashua. Lakini mwaka 1975 vita ya Angola iliifunga, wakati inchi yetu iliitwa Zaïre. Basi shaba iliyokuwa ikipita pale ilisukumwa katika njia ya ndani na katika reli za kusini.

Tuwaze sasa kama wanafunzi wa Komersiali. Mgodi unaweza kuchimba sana, gari-moshi linaweza kuvuta sana. Lakini kama mashini ya kuinua mizigo pale bandarini imekufa, au maji ya Kasai yameshuka na mashua zinagusa mchanga, kapasite ya inchi nzima, kutoka Lubumbashi mpaka bahari, ni kapasite ya ile mashini moja au ya ule mchanga. Kilometre zaidi ya elfu mbili zinangoja metre hamsini.

4. MUSA NA YETHRO

Shingo si mashini wala njia tu. Mara nyingi ni mtu, na mara nyingi ni mkubwa. Somo lake liko katika Kutoka sura ya 18. Musa aliketi peke yake kuwaamua watu, nao walisimama mbele yake toka asubuhi hata jioni. Hatua zingine zote zilikuwa na kapasite, lakini kila neno, kubwa na dogo, lilipita kwa mtu mmoja. Mkwewe Yethro alipoona vile, hakumwambia Musa akaze mwendo, wala hakuwagombeza watu kwa kupanga mstari. Alimshauri aweke wakubwa wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Maneno madogo yaamuliwe na wale, makubwa tu yafike kwa Musa.

Ni dawa ile ile ya kahawa inayoelea: toa katika shingo kila kitu ambacho kinaweza kufanyika mahali pengine. Katika biro ambamo kila karatasi, hata ya kuomba chaki, inangoja sinyatire ya mtu mmoja, mtu yule si mvivu. Pengine ndiye anayetoka kazini wa mwisho. Lakini amejifanya shingo.

5. KWA NINI 100 KWA MIA NI HATARI

Wengine watasema: “Basi vizuri kila hatua itumike 100 kwa mia, asiwepo anayeketi.” Ni kosa. Tazama mashini ya kusaga mahindi inayomaliza beseni moja kwa dakika 10, ni beseni 6 kwa saa. Siku moja mkanda unakatika, mashini inasimama saa moja nzima.

Kama mabeseni 4 yanafika kila saa, wakati wa kusimama yanajipanga 4. Mashini ikianza tena, inasaga 6, yanafika 4, basi mstari unapungua 2 kila saa: baada ya saa 2 umeisha.

Kama yanafika 5 kila saa, yanajipanga 5, na mstari unapungua 1 tu kila saa: sherti saa 5.

Kama yanafika 6 kila saa, yanajipanga 6, na mstari haupungui hata siku moja. Kila mtu atakayefika, hata kesho, atangoja saa moja, kwa sababu ya mkanda uliokatika jana.

Unaona? Kati ya 4 na 6 tofauti ni mabeseni mawili tu, lakini kungoja kunatoka saa mbili mpaka milele. Nafasi ndogo inayobaki si uvivu, ni dawa ya siku mbaya. Na ukitaka kujua utangoja muda gani, hesabu mabeseni yaliyo mbele yako, gawanya kwa yale yanayosagwa kwa saa moja. Mabeseni 12 gawanya kwa 6: saa 2. Nenda shambani, urudi.

6. NAMNA YA KUTAFUTA SHINGO

Usiulize kwanza nani ni mvivu. Tembea katika kazi toka mwanzo mpaka mwisho, uangalie mambo mawili: wapi vitu vinajikusanya, na wapi watu wanaketi wakingoja. Shingo iko kati yao: mbele yake kuna rundo, nyuma yake kuna watu wanaongoja. Kisha fanya kwa utaratibu:

Kwanza, shingo isisimame bure. Mtu wake akienda kula, mwingine amshike nafasi. Pili, toa kwake kila kitu kibovu na kila kitu kisicho chake. Tatu, hatua zingine zisikimbie kuliko yeye, kwa sababu zitafanya rundo tu. Nne, kama haitoshi bado, ndipo utoe feza kuipanua. Tano, rudi kuangalia, kwa maana imekwisha kuhama.

ZOEZI KWA WOTE

Gazeti hili lenyewe ni kazi ya hatua. Tuseme namba moja iko na kurasa 12 na inatolewa nakala 200. Kupiga stensile ya ukurasa mmoja: dakika 30, na mashini ya kuandika ni moja. Kutoa nakala 200 za ukurasa mmoja: dakika 10. Kupanga kurasa na kuzibana: wanafunzi 4, kila mmoja nakala 25 kwa saa.

a) Kila hatua inaomba saa ngapi kwa namba nzima? Shingo iko wapi?
b) Mtu mwema akitupatia mashini ya pili ya kutoa nakala, gazeti litatoka mbele kwa muda gani?
c) Makosa ya maandiko yasahihishwe mbele ya stensile au nyuma yake? Toa sababu.
d) Chagua kazi moja ya hapa masomoni au ya nyumbani kwenu: kuteka maji, kugawa chakula, kulipa minervali. Andika hatua zake, pima kila moja kwa saa, uonyeshe shingo.

Kwa swali la d, tunaomba usiandike jina la mtu. Andika dakika tu. Majibu mapelekee mwalimu wa Komersiali, na lililo wazi kuliko yote litatolewa katika namba inayofuata, kama stensile itafika kwa wakati.